Kokwa 17

Maalim mmoja mstaafu, jirani yetu hapa Wete, Pemba, ana hasira na ubuyu. Mjukuu wake wa kidato cha pili alirudi skuli na ulimi mwekundu, na kwenye daftari lake la hisabati mlikuwa na namba kumi tu, basi. Alipoulizwa wamesoma nini, akajibu, "Tumehesabu ubuyu." Jioni Maalim akatugeukia barazani: hivi takwimu siku hizi zinasomeshwa kwa kumtia mtoto peremende mdomoni?

Mwalimu aliyefanya hayo ni mtoto wa dada yangu, na siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa. Msomaji ajue mapema naegemea wapi. Lakini hoja za Maalim si za kupuuzwa, na nyingine sina jibu lake.

Kubwa ni muda. Vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80 nzima, vilikwenda kwa jambo ambalo yeye alikuwa akilimaliza kwa kipande cha chaki na robo saa: jumlisha namba zote, gawa kwa idadi yake, huo ndio wastani, zipange kwa ukubwa, shika ya katikati, tazama ipi imejirudia zaidi. Mtihani wa taifa utauliza hayo hayo, tena kwa Kiingereza, na ubuyu hautakuwemo. Pesa za pakiti zilitoka mfukoni mwa mwalimu. Darasa lina watoto zaidi ya hamsini, na kelele zao zilimfanya mwalimu wa jirani aje kuchungulia dirishani. Sukari na rangi siwezi kuzitetea, na mwezi wa Ramadhani somo hili halifanyiki kabisa.

Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni pale Maalim anaposema ubuyu ule ulikuwa chambo tu, kama mtoto anavyoonyeshwa kashata ili aende chuo cha Kurani. Niliyekuwa nyuma ya darasa niliona jambo jengine.

Pakiti zilikuwa kumi, za duka moja, bei moja, zimefungwa kwa mkono. Kabla hazijafunguliwa mwalimu aliuliza: kila moja ina kokwa ngapi? Makundi karibu yote yalisema idadi itakuwa sawa. "Si bei moja, Mwalimu?" Zikamwagwa juu ya karatasi, zikahesabiwa, na ubaoni zikapanda namba hizi: 31, 34, 28, 37, 32, 29, 41, 34, 17, 38.

Kundi la 17 lilizomewa mpaka mwalimu akagonga meza. Kisha akawaambia wapige hesabu mara mbili, 17 ikiwemo na 17 ikiwa imetolewa. Ikiwemo, wastani ni 32.1. Ikitolewa, tisa zilizobaki zina wastani wa karibu 33.8. Namba ya katikati haikutikisika sana: ilikuwa 33, kati ya 32 na 34, ikawa 34. Watoto wakaona wenyewe kwamba pakiti moja mbovu inauvuta wastani kuliko inavyoivuta namba ya katikati. Maalim angesema sentensi hiyo angeweza kuiandika ubaoni, na kweli angeweza.

Sasa je, 17 itolewe au ibaki? Msichana mmoja wa mstari wa mbele alisimama. Akasema, kama wamekula, itolewe. Kama muuzaji ndiye aliyepunja, ibaki, maana hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimehudhuria vikao vingi vya watu wazima wenye makaratasi ya namba mbele yao, na swali hilo sijapata kulisikia likiulizwa: namba hii ni mbaya kwa sababu imepimwa vibaya, au ni mbaya kwa sababu mambo yenyewe ni mabaya?

Mwalimu akaamuru kundi la 17 litoe ndimi. Vijana watano, ndimi tano nyekundu kama damu ya ng'ombe. Kesi ikawa imekwisha, mpaka mmoja wa washitakiwa aliponyoosha kidole. "Na wale wa 41 je?" Wakatoa ndimi. Nyekundu. Darasa zima likatoa ndimi, na lilipatikana kundi moja tu safi, nalo ni lile la 28.

Hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kama makundi tisa yamekula, basi namba moja tu ubaoni ndiyo ya kuaminika, na nyingine zote zimepungua, wapi kokwa moja, wapi tano, hakuna ajuaye. Jumla ilikuwa sahihi. Mgao ulikuwa sahihi. Wastani wenyewe haukuwa wastani wa pakiti za duka lile, na hakuna kanuni ya kugawa itakayourudisha. Ingekuwa kosa limekwenda huku na huku, wengine wakizidisha na wengine wakipunguza, lingeweza kufutana kidogo. Lakini kokwa ya ubuyu hailiwi ikaongezeka.

Hili ndilo ninalomwambia Maalim, na ndipo tunapopishana. Namba za kitabuni hazina ulimi. Zinakuja zimeoshwa, hazikutoka kwa mtu, na mtoto hana sababu ya kuzihoji. Anatoka darasani akijua kugawa, hajui kushuku.

Wala si mambo ya darasani peke yake. Sensa ya 2022 ilitupa watu 1,889,773 Zanzibar nzima, 543,441 kati yao hapa Pemba, na kwa Tanzania yote wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Hiyo 4.3 ilichekwa sana barazani petu: huyo 0.3 ni nani, mtoto wa tumboni? Mtoto aliyeona hakuna pakiti yenye kokwa 32.1 hachekeshwi na hilo. Anajua kwamba ndani ya 4.3 mna nyumba ya watu tisa na mna bibi anayeishi peke yake, kama ndani ya 32.1 mlivyo na 28 na 41, na anajua wastani peke yake haukwambii ni wangapi wa namna gani.

Kuhusu sampuli, yaani kupima kidogo ili kujua kingi, watoto wa Pemba wana ujuzi ambao kitabu hakiutumii. Anayekagua karafuu hamwagi gunia zima. Hutia mkono, akachota konzi, akatazama makonyo, yaani vijiti vya karafuu, na unyevu. Na kila aliyepata kuuza karafuu anajua mkono ukichota juu tu, muuzaji mjanja amekwisha kujipanga. Mwalimu aliligusia hili dakika tano za mwisho, na kwa maoni yangu alilichelewesha. Lilistahili kipindi chake.

Kama ni heshima ya somo ndiyo inayotafutwa, hesabu za sampuli ndogo zilitengenezwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness huko Dublin, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la kificho, Student. Kilikuwa kiwanda cha bia, Maalim anisamehe, na majaribio aliyokuwa nayo yalikuwa machache kama pakiti zetu.

Maalim alipendekeza kunde. Ni rahisi, zinatumika tena mwaka ujao, na hakuna anayezila mbichi. Kwa mwalimu asiye na pesa, sioni ubaya. Ila kwa kunde kesi ya ndimi isingekuwepo, na bila kesi ile tungebaki na wastani safi tusiokuwa na swali juu yake.

Niseme pia lisilonipendeza. Wiki iliyofuata mwalimu alitoa zoezi la kawaida, na baadhi ya watoto waliokuwa mawakili hodari wa ile 17 walitafuta namba ya katikati bila ya kuzipanga namba kwanza. Ubao ulitakiwa ufuate siku ileile, kabla ndimi hazijakauka. Maalim alipopata habari hizo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kisa kianze.

Juzi nilimpelekea pakiti moja ya duka lilelile. Aliihesabu peke yake, miwani puani, akanambia asubuhi yake kwamba ilikuwa na kokwa 36, na kwamba yeye hakula hata moja. Nikamjibu kuwa pakiti moja haithibitishi kitu.

"Ndiyo maana," akasema, "mimi natumia ubao."