Grande Dixence si ukuta tu

Kila anayerudi kutoka bwawa la Grande Dixence, jimbo la Valais kusini mwa Uswisi, hukuonyesha picha ileile: amesimama chini, na nyuma yake zege limepanda hadi limeziba anga. Sishangai. Ukuta ule una kimo cha mita 285, na tangu ulipokamilika mwaka 1961 hakuna bwawa la aina yake, yaani linalozuia maji kwa uzito wake lenyewe, lililoupita. Kitako chake kina unene wa kama mita 200. Hata hivyo nimetoka kule na msimamo mmoja: wageni tunaonyeshwa ghala, yaani ziwa na ukuta wake; shamba, yaani kule maji yanakotoka, hatuonyeshwi.

Bonde la Dix, lililozibwa na ukuta huo, peke yake lisingeweza kulijaza ziwa la mita za ujazo milioni 400. Maji yanatoka kwenye mito ya barafu 35, mingine ikiwa mbali kabisa, upande wa Zermatt chini ya mlima Matterhorn. Wahandisi walijenga vikingio 75 vya kunasa maji, wakachimba mahandaki yenye jumla ya kilomita 100 hivi. Handaki kuu, lenye kilomita 24, linakatiza chini ya milima kwenye kimo cha mita 2400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa mteremko mdogo unaotosha tu maji kutiririka yenyewe. Yale yanayokingwa chini ya kimo hicho, kama ya Zmutt, Ferpècle na Arolla, husukumwa kwa pampu. Mtu atauliza, umeme unatumika vipi kupandisha maji ili yazalishe umeme? Hesabu inalipa: yanapandishwa mita mia kadhaa, kisha yanaporomoka mita 1883 hadi kituo cha umeme cha Bieudron, bondeni kwenye mto Rhône. Mimi hili ndilo lililonivutia kuliko zege lote lile.

Na kuna suala la majira. Barafu na theluji huyeyuka kiangazi, lakini Waswisi wanahitaji umeme zaidi wakati wa baridi. Kwa hiyo ziwa hujaa mwishoni mwa Septemba, na kufikia Aprili limeshuka sana. Ukienda Agosti ukaona maji yanakaribia ukingo, jua unatazama umeme wa Januari.

Ndani ya ukuta kuna njia za kupita watu, baridi hata katikati ya kiangazi, na humo zimening'inizwa timazi ndefu za kupimia jinsi ukuta unavyosogea ziwa linapojaa na kupungua. Ziara ya humo ni nzuri, nawashauri msiikose. Kutoka Sion kuna basi hadi Le Chargeur, kisha kigari cha kamba kinakupandisha hadi juu ya ukuta.

Ninachokidai ni nafasi zaidi kwa watu. Maelfu walifanya kazi hapa miaka ya 1950, wengi wao vibarua kutoka Italia, katika baridi ya milimani na ndani ya miamba. Zama zile vumbi la mwamba liliharibu mapafu ya wachimbaji wengi wa mahandaki ya Alpi, na wengine walianza kuugua kazi ikiwa imekwisha zamani. Kumsifu mhandisi bila kumtaja mchimbaji ni kusimulia nusu ya habari. Vilevile Desemba 2000 bomba la kupeleka maji Bieudron lilipasuka, watu watatu wakafa, na kituo kikakaa bila kazi hadi 2010. Mgeni anastahili kuambiwa hayo pia, kwa sababu maji yanayoanguka kwa kishindo kile hayana mzaha.

Mito yenyewe ya barafu inazidi kupungua kadiri Alpi inavyopata joto. Mahandaki yaliyopangwa kukinga maji ya barafu itabidi yategemee zaidi mvua na theluji ya mwaka, na hakuna ukuta utakaobadilisha hilo. Ndiyo maana nawaambia mnaoishi Geneva au Zürich: mkienda Zermatt, tembeeni hadi Zmutt. Kuna bwawa dogo na kituo cha pampu, na watalii huligeuzia bwawa hilo mgongo wakipiga picha Matterhorn. Litazameni kwa dakika chache. Sehemu ya maji ya Grande Dixence huanzia hapo.