Mnara Kizimbani, Jenereta Uchochoroni

Kwenye baraza letu la kahawa huku Ngamiani, Tanga, neno "mionzi" siku hizi linatamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la mgeni mbaya aliyehamia mtaani usiku. Kampuni moja imesimamisha mnara wa simu kwenye kiwanja cha jirani. Mwenye kiwanja analipwa kodi; sisi wengine tulishtukia mafundi wakishusha vyuma. Haikupita muda barua ikaenda ofisini, saini zimejaa ukurasa, na sababu ni moja tu: mionzi. Mnara uondolewe, ukajengwe nje ya mji.

Mimi sikutia saini. Nimeshaambiwa nimelambishwa asali, basi nieleze.

Walioandika barua si wajinga, na anayewacheka hajasoma. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio, ambayo ndiyo ya simu na minara, kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Mwaka 2018 watafiti wa serikali ya Marekani wakatoa matokeo ya panya waliopigwa mawimbi ya simu: baadhi ya madume waliota uvimbe kwenye moyo. Mzazi mwenye mtoto mchanga akisikia hayo, halafu akafungua dirisha akauona mnara, ana haki ya kuuliza.

Ila panya wale walipigwa mawimbi mwili mzima, kwa jumla ya saa tisa kila siku, miaka miwili. Kiwango cha juu walichopewa kilikuwa wati 6 kwa kila kilo ya mwili, na kikomo cha kimataifa kwa raia ni wati 0.08. Hiyo ni mara 75. Tena madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa, jambo ambalo hakuna aliyelitia kwenye barua. Na lile kundi la "huenda" lina wenzake: dondoo la jani zima la mshubiri limo humo humo, mshubiri ule ule tunaoupanda kwenye makopo ya rangi barazani. Kundi hilo linapima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Huko Denmark walifuatilia zaidi ya watu 350,000 kwa miaka mingi, wakalinganisha wenye laini za simu na wasiokuwa nazo, na uvimbe wa ubongo haukuongezeka. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyotoka 2024, hayakuona uhusiano pia.

Lakini takwimu za Denmark hazimwingii mtu aliyeshika kikombe cha kahawa chungu. Mimi hutumia mfano wa karabai. Simama Raskazone usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wametoka. Taa ile ukiwa ndani ya mashua inakuumiza macho. Kutoka ufukweni ni nukta. Ukitoka mita 1 kwenda mita 100 mwanga unaokufikia haupungui mara 100, unapungua mara 10,000, kwa sababu unatandazwa kila upande. Mawimbi ya simu ni ndugu wa mwanga, tena ndugu mnyonge: hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu kama eksirei inavyofanya. Yale masanduku meupe marefu juu ya mnara hayamwagi kitu chini kama bomba la mvua. Yanarusha mbele, kama mnara wa taa wa Ulenge unavyorusha mwanga wake baharini na kumpita juu kwa juu aliyekaa miguuni pake. Vipimo vilivyokusanywa na Shirika la Afya Duniani karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kikomo cha kimataifa.

Sasa hapa ndipo barua inaponikera. Wanataka mnara upelekwe mbali. Upelekwe mbali, halafu simu zetu zifanyeje? Simu haisikilizi tu, inajibu. Kila unapoongea inarusha mawimbi yake kuufuata mnara, nayo inajua kupandisha na kushusha sauti. Mnara ukiwa karibu inanong'ona. Ukiwa mbali inapiga kelele. Simu ya kitochi ya 2G, kwenye mtandao dhaifu, inafika wati 2 kila inaporusha. Mnara ukiwa jirani inaweza kushuka hadi sehemu 3 za elfu za wati. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara 600, na chombo chenyewe hakiko mita 100 kutoka kwako. Kiko sikioni. Usiku kiko chini ya mto, na mchana kimo mkononi mwa mtoto.

Asiyeamini awaulize wanaokwenda shamba. Mjini chaji inamfikisha mtu jioni. Shamba, kwenye kijistari kimoja cha mtandao, saa sita mchana simu imezima na hajampigia mtu. Chaji hiyo haikuibwa na jini. Sehemu yake imetumika kwenye kule kupiga kelele kutafuta mnara. Kwa hiyo barua yetu, ikikubaliwa kama ilivyo, itapunguza mawimbi hafifu yanayotufikia kutoka juu na kuongeza yale makubwa zaidi yanayotoka kwenye viganja vyetu. Hata hayo sisemi yanaua. Nasema tu kwamba anayeyaogopa kwa dhati angeomba mnara usogee karibu.

Na tukitaka kuogopa, vya kuogopa vipo. Umeme ukikatika, jenereta ya mnara inawaka, na bomba lake linapumulia uchochoroni. Moshi wa dizeli, shirika lile lile la saratani liliuhamishia kundi la kwanza mwaka 2012, pamoja na sigara, kwenye vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika. Haki itendeke: hilo nalo halisemi kwamba jenereta moja itatumaliza. Lakini bibi mmoja jirani amewahamisha wajukuu kutoka chumba cha mbele, kinachotazamana na mnara, akawalaza chumba cha uchochoroni. Nilimwamkia nikamuuliza moshi anauonaje. Akasema, "Moshi nauona mwanangu, nafunga dirisha. Mionzi nitaifungia nini?"

Jibu hilo nimelibeba siku nyingi. Kisichoonekana kinatisha kuliko kinachokohoza. Jua letu la saa saba pia limo kundi la kwanza, kwa ushahidi usio na "huenda", na ndugu zetu wenye ualbino wanaugua saratani ya ngozi kwalo. Katika mji wa Moshi, hospitali ya KCMC, kuna mafuta ya kujikinga yanayotengenezwa kwa ajili yao. Mtaani kwetu yupo kijana mmoja mwenye ualbino anayeuza vocha chini ya mwavuli uliopasuka, na hakuna barua iliyoandikwa kwa ajili ya mwavuli huo.

Nisijifanye sioni kinachowauma wenzangu, hata hivyo. Hawakuulizwa. Kelele za jenereta wanazo wao, kodi ya kiwanja anayo mwingine. Ukienda ofisini ukasema hukuulizwa, utaambiwa uache jina. Ukisema mionzi, afisa anaweka kalamu chini akusikilize. Tume ya Nguvu za Atomiki ina mamlaka kisheria juu ya mionzi yote, ya eksirei na ya minara. Ije ipime mchana kweupe, na karatasi ya majibu ibandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili. Bomba la jenereta ligeuzwe lisipumulie madirishani. Hayo yanawezekana mwezi huu. Kuhamisha mnara ni kesi ya miaka.

Barua ya pili inaandikwa, na safari hii nitatia saini. Jenereta imeingia, upimaji umeingia. Bado tunabishana kama neno "mionzi" libaki kwenye kichwa cha barua. Nimesema libaki, maana likitoka haitasomwa.