Visoda Hamsini

Sijui ni nani aliyewafundisha watoto kwamba habari za shule hutolewa saa tatu usiku. Ukimuuliza mtoto saa kumi na moja jioni mwalimu amesema nini leo, atakujibu kwamba hajasema kitu, kana kwamba mwalimu ameshinda bubu mbele ya darasa zima. Mlishe, mwogeshe, msalishe, mzimie taa. Ukishavua gauni la kazini na kujifunga kanga, ukishapandisha mguu mmoja kitandani huku wa pili ukiwa bado unatafuta pa kuvulia ndara, ndipo sauti nyembamba itakapotoka ndani ya chandarua cha pili: "Mama, mwalimu amesema kesho twende na visoda hamsini."

Kwa asiye na mtoto wa darasa la kwanza, nieleze kwamba kujumlisha na kutoa huanzia kwenye visoda na vijiti, na mimi mwenyewe nilianzia huko huko, kwa hiyo sina ugomvi na mbinu hiyo. Ugomvi wangu ni saa.

Siku yenyewe, isitoshe, ilikuwa imeshanimaliza. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu tunaishi Mbezi nami nafanya kazi Posta, na anayetaka kufika Posta saa mbili hana budi kuondoka Mbezi wakati majogoo bado yanajadiliana nani aanze. Soksi ya mkubwa ilionekana moja. Ile ya pili tuliitafuta chini ya kochi, ndani ya ndoo ya nguo chafu na nyuma ya jokofu, tukaja kuikuta mguuni mwa mdogo wake wa miaka minne, ambaye alikuwa amelala nayo na hakuwa tayari kuiachia bila fidia. Fidia aliyoitaka ni kunywea uji kwenye kikombe cha bluu. Kikombe cha bluu kilivunjika mwezi uliopita, tukakizika pamoja kwenye shimo la taka, na yeye mwenyewe ndiye aliyekivunja. Lakini mbele ya mtoto wa miaka minne historia haina uzito wowote. Uji wa ulezi uliishia kwenye blauzi yangu nyeupe, nami nikashinda kutwa nzima nimevaa koti nililolifunga vifungo vyote, katika joto la Dar es Salaam, huku wafanyakazi wenzangu wakinipa pole kwa malaria.

Wa tatu ana miezi mitano. Yeye ndiye aliyenifanya niisome sheria ya kazi ya mwaka 2004, ambayo inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Maana yake ni kwamba pacha wa pili anahesabiwa kwa siku 16, na ninaamini aliyepiga hesabu hiyo hakuwahi kubembeleza wawili kwa pamoja. Baba naye amepewa siku tatu. Baba wa watoto wangu alizitumia zote kwa uaminifu: ya kwanza alipokea pongezi, ya pili alijadili jina na ndugu zake kwenye simu, na ya tatu alilala, kwa maelezo kwamba mambo ya uzazi yanachosha.

Sheria hiyo hiyo inaniruhusu kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto, na naishukuru kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba mtoto yuko Mbezi na maziwa yako Posta. Nikiondoka ofisini mchana, hizo saa mbili zinanifikisha Kimara, pengine mbele kidogo foleni ikiwa na huruma, nami nitabaki nikiyaelekeza maziwa upande wa nyumbani na kugeuza. Kwa hiyo huwa ninakamua katika chumba cha mafaili, nimeegemea kabati la risiti za mwaka wa fedha uliopita, kisha chupa ninaiweka kwenye jokofu la ofisi ikiwa imeandikwa jina langu kwa kalamu nene. Nilianza kuiandika siku ile mhasibu aliponisifia maziwa ya chai.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyedaiwa visoda hamsini saa tatu usiku. Nyumbani hatukuwa hata na kimoja, kwa sababu siku hizi soda tunayoinunua ni ya chupa ya plastiki, na kifuniko chake, kama mkubwa alivyonieleza kwa uchungu, "siyo kisoda, Mama, ni kifuniko." Baba yao alishauri tuhesabu punje hamsini za maharage. Ulikuwa ushauri mzuri, isipokuwa mwenye shule yake aliupokea kwa kilio kilichomwamsha kichanga, na kichanga akamwamsha wa miaka minne, naye wa miaka minne akakumbuka kikombe cha bluu. Nilimwomba mwenzangu aende yeye kwenye grosari ya pale njia panda. Akafikiri, akaniambia kwamba anajijua, na kwamba akiingia mahali pale saa ile hatatoka mapema. Katika miaka yetu tisa ya ndoa sijapata kusikia kauli ya kweli kama hiyo, kwa hiyo niliiheshimu, nikajifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, nikachukua mfuko na kurunzi.

Mwanamke anayeingia grosari usiku na kurunzi, macho chini, haulizwi maswali. Watu hujua anatafuta mume. Wanaume wawili waliinuka na kutokea mlango wa nyuma kabla sijasema neno. Nilipoinama na kuanza kuokota visoda chini ya meza, mhudumu akanifuata na kuninong'oneza, "Dada, safari hii kuna zawadi gani?" Nilimwambia hakuna zawadi yoyote, ni vya mtoto. Jibu hilo lilikuwa kosa kubwa, maana hakuna Mtanzania anayeamini kwamba mtu mzima anaweza kutambaa sakafuni kwa ajili ya visoda visivyo na promosheni. Neno likapita meza hadi meza. Waliokuwa wamevitupa wakaanza kuviokota, waliokuwa navyo mezani wakavificha mfukoni, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na jiko la nyama choma akatangaza kwamba chake hakiuzi chini ya shilingi elfu mbili. Nilipofikisha thelathini na nane, soko lilikuwa limefungwa.

Walioniokoa walikuwa wawili. Mhudumu alinihurumia akanipa vinane kutoka kwenye kopo lake la kaunta. Vinne vya mwisho nilivipata kwenye meza ya pembeni, gizani, nilipommulika kwa kurunzi mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, ambaye Jumapili iliyotangulia alituongoza vizuri sana juu ya kiasi. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Alivikusanya visoda vyake taratibu, akaviweka kwenye mfuko wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa ajili ya watoto, Mama." Vilikuwa vinne, na hesabu ile hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza.

Nilivichemsha, nikavisugua kwa sabuni na jivu hadi harufu ya bia ikapungua, nikavihesabu mara tatu, nikalala saa sita kasoro. Asubuhi mkubwa alivikagua kimoja kimoja, akaridhika, akaondoka anapiga makelele kama manyanga.

Jioni ya siku hiyo nilimuuliza mwalimu amesema nini. Akajibu kwamba hajasema kitu. Tukala, tukaoga, tukasali, taa ikazimwa. Saa tatu na robo sauti ikatoka ndani ya chandarua kunijulisha kwamba mwalimu alivisifu visoda vyetu kwa wingi wa rangi, kisha akauliza vimetoka wapi, na mtoto, ambaye tumemlea asiseme uongo, alisimama mbele ya darasa akaeleza kwamba Mama huwa anavileta usiku kutoka baa. Nikawasha taa. Ndani ya daftari la hesabu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa wino mwekundu na kwa adabu zote, ikimwomba mzazi afike shuleni bila kukosa kwa mazungumzo. Ilimtaka afike siku hiyo hiyo, saa nane mchana.