Mafunzo ya Kiingereza cha Watoto Yasiyotaka Kelele za Watoto

Siku ya pili ya semina, saa nne na nusu asubuhi, mwezeshaji alikatisha maelezo yake akamwomba aliyeketi karibu na ukuta afunge madirisha. Ukumbi wetu ulipakana na shule ya msingi, kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na kelele za watoto zilikuwa zinamsumbua. Madirisha yakafungwa, feni ikaongezwa kasi, nasi walimu 40 na ushei tukaendelea kujifunza namna ya kufundisha Kiingereza kwa watoto wadogo, tukiwa tumehakikisha kwamba sauti ya mtoto haitufikii.

Nimelinyamazia jambo hilo kwa wiki mbili nikitumaini kwamba litapoa. Halijapoa.

Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza katika shule zetu za Tanzania zinazofundisha kwa Kiswahili, baada ya miaka kadhaa ambapo mtoto alikianza darasa la tatu ili miaka miwili ya mwanzo iachiwe KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi huo una waliofurahi na walionuna, na mjadala wa lugha ya kufundishia siugusi leo, kwa kuwa umekwisha kula wino wa kutosha. Somo limo kwenye ratiba na watoto wameketi. Ninachouliza ni nani aliyemwandaa mwalimu anayeingia darasani kuwafundisha.

Wengi wetu tulipitia Daraja A, yaani mafunzo ya cheti cha ualimu wa shule ya msingi. Tulimkariri Piaget, tukamkariri Vygotsky, wanasaikolojia wa ukuaji wa mtoto, tukajibu mtihani na kuwasahau wote wawili katika basi la kurudi nyumbani. Katika BTP yangu, yale mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo, nilipangiwa darasa la tano, na mkufunzi aliyekuja kunikagua alitumia muda mrefu zaidi kulinganisha andalio la somo na azimio la kazi kuliko kusikiliza nilichokuwa nikisema. Nilipata alama nzuri na mwandiko wangu ukasifiwa. Hakuna aliyegundua kwamba kipindi kizima nilitamka sentensi sita za Kiingereza, zote nikiwa nimezikariri usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hayo yangesameheka kama darasa la kwanza lingekuwa darasa jepesi. Mtoto huyu anajifunza kusoma Kiswahili wakati huohuo. Asubuhi ameimba a, e, i, o, u, ameunganisha ba, be, bi, bo, bu, na amegundua jambo ambalo sisi watu wazima tumekwisha kuusahau utamu wake, kwamba herufi haidanganyi: ukiijua leo, kesho utaikuta na sauti ileile. Vipindi viwili baadaye mwalimu, mara nyingi yuleyule, anaandika ubaoni e ileile na kumwambia kwamba inaitwa “ii”. Mtoto anashangaa, kwa sababu “ii” anaifahamu, ni ile yenye nukta kichwani. Sasa hiyo yenye nukta inaitwaje? “Ai.” Na a je? “Ei.” Kisha anafunuliwa kitabu na kukutana na neno same, analisoma kwa fahari kama mji wa kule Kilimanjaro, mate yanakuwa ya kinywani, pole anapewa mgonjwa, wake wanakuwa wa mtu fulani, na come, kwa kuwa hajawahi kuiona c ikitembea bila h yake, linakuwa “chome”. Mtoto huyu hajakosea hata kidogo. Amesoma barabara kwa kanuni tuliyompa wenyewe asubuhi ileile, na malipo yake ni kicheko cha darasa zima, au fimbo.

Katika miaka yangu yote ya chuo, na katika semina zote nilizohudhuria tangu niajiriwe, hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yangu akanieleza mgongano huo wa herufi na namna ya kumvusha mtoto. Hakuna! Tumefundishwa malengo mahususi, tumefundishwa umahiri na viashiria vyake, tumechora majedwali kwa kalamu rashia kwenye bango kitita mpaka vidole vikabadilika rangi, lakini kitu ambacho mwalimu wa darasa la kwanza hukutana nacho wiki ya kwanza kabisa hakina hata ukurasa mmoja katika madaftari yetu.

Na njia ya kupita ipo. Kiingereza cha miezi ya mwanzo kikae masikioni na mdomoni, kiache ubao kwanza mpaka usomaji wa Kiswahili ushike mizizi. Watoto wasimame, waketi, waguse mlango, waruke mara tatu kwa amri za Kiingereza; waimbe; wasikilize hadithi fupi moja inayorudiwa mpaka waimalize wenyewe kabla ya mwalimu. Mmarekani James Asher alianza kuitangaza njia ya amri na vitendo tangu miaka ya 1960, ingawa bibi zetu waliosema “Paukwa!” wakaitikiwa “Pakawa!” hawakumsubiri ili wajue kwamba mtoto hufunguka kwa kuitikia.

Njia hiyo, hata hivyo, haisamehi. Inamtaka mwalimu awe na Kiingereza kidogo kilicho hai, sentensi kama mia mbili zinazomtoka bila kufikiri, zenye matamshi ambayo mtoto akiyaiga hatahitaji kuyafuta baadaye. Nawafahamu walimu wanaoichambua sarufi ya Kiingereza mpaka kwenye mifupa, lakini mtoto akimwaga uji sakafuni wanakimbilia Kiswahili, kwa sababu hawajawahi hata siku moja kuzoezwa kusema “Mind your feet, let's wipe it up.” Sisemi Kiswahili kipigwe marufuku, mtoto anayelia abembelezwe kwa lugha ya mama yake. Nasema tu kwamba mwalimu aliyepungukiwa na maneno ya uji uliomwagika amenyimwa zana ya kazi, na zana hiyo haipatikani kwenye slaidi.

Badala yake semina ilitupa maigizo. Mwenzetu mmoja alifundisha, sisi wengine tukawa watoto wa miaka sita, na wazee wenye ndevu wakaitikia “Good morning, teacher” kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Hakuna aliyeomba kwenda chooni, aliyelala, wala aliyemng'ata jirani yake kwa ajili ya penseli. Somo lilifanikiwa kwa asilimia mia, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye taarifa.

Nitakuwa muungwana. Mwezeshaji alijiandaa, na karagosi aliyemtengeneza kwa soksi nimemwiga nami naendelea kumtumia. MEWAKA nayo, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa wazo lake la walimu kukutana na kujifunza shuleni kwao, ni jambo jema, pale wanapokutana kweli. Na yupo atakayeniambia kwamba darasa langu lina watoto 112 na kwamba hakuna mafunzo yanayotibu idadi hiyo. Ni kweli, ingawa watoto 112 wanaweza kuimba pamoja, na hawawezi kusoma kitabu kimoja pamoja.

Sipendi kuwasifia majirani, lakini Kenya, walipoanza Tusome, mpango wao wa kufundisha kusoma madarasa ya mwanzo, mwaka 2015, hawakuishia ukumbini. Mwalimu alipewa kiongozi cha kila siku, na maofisa wakatumwa na vishikwambi kuketi darasani, kutazama somo la Kiingereza na la Kiswahili watoto wakiwapo, na kuzungumza na mwalimu mara baada ya kipindi. Sisi tumekuwa na historia ya kukiganga Kiingereza kikiwa kimekwisha kuugua: watafiti Criper na Dodd walipoandika mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari kilikuwa hafifu mno, mradi wa Waingereza uliofuata ulielekezwa sekondari hukohuko, mbali na mwalimu wa watoto.

Kinachoniuma ni kwamba vitendea kazi tunavyo. Vyuo vyetu kadhaa vya zamani vya ualimu vina shule ya msingi jirani inayoitwa Mazoezi, na waliozipa jina hilo walijua walichokuwa wakikifanya. Mwanachuo anayekusudia kufundisha madarasa ya mwanzo angeweza kuvuka uwanja kila wiki, tangu muhula wa kwanza, akafundisha dakika 15 za nyimbo na amri, akarudi kuambiwa alipoteleza, wiki inayofuata akavuka tena. Hilo halihitaji mfadhili. Semina yetu pia ingeweza kufungua mlango wa upande wa pili na kumwomba mwalimu mkuu mkondo mmoja kwa nusu saa, nasi tungeacha kuigiza utoto tukakutana nao.

Cheti cha kuhudhuria kimenifikia jana. Karatasi ni nzuri na nembo inang'aa, isipokuwa jina langu limeharibiwa: penye e wameweka i. Nadhani aliyekuwa akimtajia mchapaji herufi alizitaja kwa Kiingereza.