Adui Alihesabu, Sisi Tukanyimwa Hesabu

Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF) huko El Adde, jimbo la Gedo, Somalia. Ilikuwa kambi ya kombania moja, chini ya bendera ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Taarifa ya kwanza ya msemaji wa jeshi ilisema kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia iliyo jirani, na kwamba Wakenya walijibu mashambulizi ili kuwasaidia wenzao. Siku chache baadaye, Mkuu wa Majeshi akaeleza kwamba bomu lililobebwa na gari lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Nguvu ya bomu ilijulikana. Idadi ya askari waliokufa serikali haijawahi kuitangaza.

Tulizipata namba kwa watu wengine. Februari 2016, Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa walikaribia 200. Nairobi ikakana, lakini haikutoa hesabu yake. Mwezi Mei, CNN ikataja idadi isiyopungua 141. Kama hiyo ndiyo kweli, jeshi la Kenya halijapoteza watu wengi hivyo kwa siku moja tangu uhuru.

Jibu la serikali lilikuwa lile lile la siku zote: usalama wa taifa. Jibu hili lisibezwe, maana vita vina siri za kweli. Njia utakayopita msafara wa chakula ni siri. Siku ya kubadilishana vikosi ni siri kubwa, kwa sababu askari wageni hawajazijua bado sauti za usiku za mahali walipo. Masafa ya redio, mpangilio wa malindo, akiba ya risasi, saa ambazo helikopta haziwezi kuruka: yote hayo afisa anayeyatoa nje anastahili mahakama ya kijeshi. Ila kila siri ya aina hii ina umri. Njia ya msafara ni siri mpaka msafara ufike. Tarehe ya zamu ni siri mpaka zamu ibadilike.

Sasa pima idadi ya waliofariki El Adde kwa kipimo hicho hicho. Nani hakuijua? Al-Shabaab waliishika kambi, wakatembea kati ya maiti wakiwa na kamera, na Aprili 2016 wakatoa video ya shambulio lote. Umoja wa Afrika ulijua. Serikali ya Somalia ilijua. Aliyefichwa ni Mkenya, mlipa kodi aliyewalipia askari hao nauli, buti na bunduki.

Kuna hoja moja tu ya usiri ninayoikubali, tena ya siku za mwanzo. Askari waliponyoka wakatawanyika vichakani. Ukitangaza kwamba 30 hawajulikani walipo, umemwambia adui awasake watu 30. Kwa hiyo kunyamaza kulifaa wakati msako wa manusura ukiendelea. Lakini Januari 27, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Eldoret kwenye ibada ya kumbukumbu, akiwa na marais wa Somalia na Nigeria. Serikali iliyoweza kuandaa ibada ya marais watatu haishindwi kusoma orodha.

Na orodha ipo. Kila kombania ina daftari la majina linalothibitishwa kila siku: waliopo, walio likizo, waliolazwa, walio doria. Baada ya shambulio, majina hayo hugawanywa mafungu manne: waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na wasiojulikana walipo. Fungu la nne ndilo gumu. Mlipuko mkubwa hauachi mwili mzima, na moto wa risasi na mafuta huharibu kilichobaki. Hapo ndipo DNA inapohitajika, kwa sampuli kutoka kwa mzazi, ndugu au mtoto, na kazi hiyo huchukua majuma. Hata hivyo, ugumu wa kutambua mwili ni upi wa nani hauzuii kusema ni watu wangapi hawakuitika jina. Wasemaji walichanganya mambo hayo mawili, na sidhani kama walichanganya kwa bahati mbaya.

Wengine hufanyaje? Uingereza, ikipoteza askari, kwanza hupeleka watu nyumbani kwa familia, kisha huzipa saa 24 kabla ya kulitangaza jina. Utasema hao ni matajiri. Haya, tazama jirani. Mei 26, 2023, kambi ya Uganda huko Buulo Mareer, Somalia, ilishambuliwa kwa mtindo ule ule, na wiki moja baadaye Rais Museveni akataja mwenyewe idadi: 54. Museveni si mtu ambaye ningemtolea mfano wa uwazi katika jambo jingine lolote. Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania waliposhambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Umoja wa Mataifa ulitangaza mara moja kuwa wamekufa wasiopungua 14, na majeneza yakapokewa Dar es Salaam hadharani. Uganda haikuvunjika kwa namba 54, wala Tanzania haikuacha kupeleka askari Kongo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa kilio chenyewe kilifichwa. Waziri wa usalama wa ndani alionya kwamba anayesambaza picha za maiti atahesabiwa kuwa anawaunga mkono magaidi. Kuhusu picha alikuwa na haki: hakuna mama anayestahili kumtambua mwanawe kwenye WhatsApp. Lakini mkono haukuishia kwenye picha. Mwanahabari mmoja aliyeandika mtandaoni kuhusu El Adde alikamatwa wiki moja baada ya shambulio, kwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Miezi mitatu baadaye, Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa hakikueleza kosa ni lipi hasa. Mwaka mmoja kabla, Februari 2015, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta kifungu kilichotaka anayechapisha habari za kudhoofisha operesheni za usalama afungwe hadi miaka 3 au atozwe faini ya hadi shilingi milioni 5. Yaani serikali ilifungiwa mlango mmoja, ikaingilia dirishani.

Nani huumia idadi isipotajwa? Kwanza ni familia ya yule wa fungu la nne. Bila cheti cha kifo hakuna mirathi, na mali iliyo kwa jina lake haigusiki. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, huruhusu mtu achukuliwe kuwa amekufa baada ya miaka 7 bila kusikika. Miaka 7 ni mtoto kutoka chekechea hadi darasa la saba. Fidia ya Umoja wa Afrika kwa askari aliyekufa kazini AMISOM ilikuwa dola 50,000, na fidia hulipwa kwa karatasi. Familia isiyojua wenzake ni wangapi wala wako wapi haiwezi kuungana nao kudai, na kila mjane huingia ofisini peke yake.

Hapa ndipo pananiudhi zaidi. Posho ya askari wa AMISOM ililipwa na Umoja wa Ulaya kwa kila kichwa: dola 1,028 kwa mwezi, na nchi yake ilikata takriban dola 200. Mwezi ule ule wa El Adde, Umoja wa Ulaya ukapunguza malipo hayo kwa asilimia 20. Anayelipwa kwa kila kichwa anazo hesabu za vichwa, tena sahihi kabisa.

Wa pili kuumia ni askari wa zamu inayofuata. Shambulio la El Adde halikuwa na ugeni wowote. Juni 26, 2015 iliangushwa kambi ya Burundi huko Leego, Somalia. Septemba 1, 2015 ikafuata ya Uganda huko Janaale. Mbinu ni moja: kabla ya mapambazuko gari la bomu huvunja lango, mawasiliano hukatika au huvurugika, kisha mamia ya wapiganaji huingia kwa miguu kutoka pande kadhaa wakati walio ndani bado hawajasimama. Kambi ikiwa peke yake porini, yote hutegemea saa mbili za kwanza. Vinavyohitajika vinajulikana: vizuizi vya kulilazimisha gari lisimame mbali na mahema, mahandaki ya pili nyuma ya yale ya kwanza, redio ya akiba, na helikopta ya kivita iliyo karibu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha helikopta 12 kwa AMISOM tangu Februari 2012. Hadi El Adde inaanguka, karibu miaka minne baadaye, kikosi hicho hakikuwa nazo. Swali la nani hakuzitoa lilipaswa kuulizwa bungeni kwa sauti kubwa, lakini bunge lisilopewa idadi ya maiti litaanzia wapi kuuliza habari za helikopta?

Januari 27, 2017, mwaka mmoja na siku 12 baadaye, ikashambuliwa kambi ya Kenya huko Kulbiyow, karibu na mpaka. Ni mabomu ya magari tena, na wapiganaji wa miguu tena. Safari hii jeshi lilitoa hesabu: askari wake 9 wamekufa, na wanamgambo 70 wameuawa. Al-Shabaab wakadai wameua zaidi ya 50. Huenda jeshi lilisema kweli, na huenda ndani ya mwaka ule mahandaki yalichimbwa vizuri zaidi na uhai wa watu ukaokoka. Ingekuwa sifa kubwa kwa makamanda. Lakini baada ya El Adde neno la msemaji lilikuwa limepoteza thamani, na wengi waliichukua 9 kama namba ya kuanzia kujadiliana bei.

Kikatiba, mlango ulivunjwa mapema. Kifungu cha 240(8) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge, iwe ni kulinda amani au ni operesheni nyingine ya kijeshi. Operesheni Linda Nchi, iliyowaingiza askari wa Kenya Somalia, ilianza Oktoba 2011, na azimio la Bunge likaja Desemba, askari wakiwa tayari matopeni kusini mwa Somalia. Wabunge waliopitisha walichokuta kimeshafanyika hawakuwa na meno ya kudai chochote mwaka 2016. Kifungu cha 240(7) kinalitaka Baraza hilo lipeleke ripoti bungeni kila mwaka. Mbunge wako muulize ameisoma ya mwaka gani.

Sheria ya Kupata Habari ilianza kutumika Septemba 2016. Raia yeyote anaweza kuandikia Wizara ya Ulinzi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na anapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Usiombe "habari kuhusu El Adde", utakataliwa kwa mstari mmoja. Omba idadi peke yake, bila majina wala vyeo: waliokufa, waliojeruhiwa, na ambao bado hawajulikani walipo. Kifungu cha 6 hulinda mikakati, uwezo na mipangilio ya kijeshi, na idadi ya waliofariki haitajwi kwa jina katika orodha hiyo. Watajificha kwenye kile kipengele cha mwisho cha "habari nyingine yoyote". Wakikataa, nenda Tume ya Haki ya Utawala, ukitaja kwamba kifungu hicho hicho huruhusu siri kufunguliwa pale manufaa ya umma yanapozidi madhara. Wakikataa tena, sheria ina mstari mwingine: habari iliyoshikiliwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si siri tena, mpaka aliyeishika athibitishe vinginevyo. Kwa El Adde, hiyo ni Januari 2046.