Gari la umeme lililomshinda fundi wa Unga Ltd

Jumanne nilishinda gereji pale mtaa wa Unga Ltd, Arusha, nasubiri springi za Cruiser letu la utalii. Pembeni palikuwa na gari dogo la umeme, la mtumba, limevutwa kwa kamba kutoka Njiro. Mwenyewe, mama wa makamo, amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba kaukumbatia. Fundi alichomeka mashine yake ya kupimia, gari likagoma kusoma. Akachomoa, akachomeka tena. Mwishoni akafunga boneti taratibu, akasema, "Mama yangu, hili sina pa kulishika." Muuzaji alipopigiwa simu akajibu kwamba mpaka ruhusa itoke kiwandani, na kiwanda kiko ng'ambo.

Yule fundi si mbabaishaji. Ana zaidi ya miaka ishirini kwenye injini za dizeli, na mimi nimemkabidhi roho za wageni wangu kila msimu. Kilichomshinda ni mlango uliofungwa kwa makusudi.

Watu wakilinganisha magari ya mafuta na ya umeme huishia kwenye bei ya mafuta na umbali wa chaji moja. Mimi naangalia nani anaruhusiwa kulifungua gari. Land Cruiser za Toyota, toleo la 70, zilianza kutoka 1984, na mpaka leo zinatengenezwa. Hapa Arusha tunazikata chasi, tunazirefusha, tunainua paa ili mgeni asimame amwone simba, na hakuna anayeandika barua Japani kuomba ruhusa. Kampuni za zamani zimekula miaka yote kwa kuuza gari, kisha spea, kisha spea tena, kupitia mawakala na gereji. Faida yao ilimhitaji fundi, ndiyo maana mtaa mzima wa Unga Ltd unakula.

Kampuni za umeme zimeanzia kwingine. BYD ya China ilizaliwa 1995 ikitengeneza betri, magari yakaja 2003, na mwaka 2022 ikaacha kabisa kuunda magari ya mafuta matupu. Tesla ya Marekani inamuuzia mteja moja kwa moja bila wakala, ikajenga vituo vyake vya chaji kuanzia 2012, na gari linabadilishiwa programu kwa intaneti likiwa limeegeshwa nyumbani. Siri yao imo kwenye betri na programu, na siri hailetwi gereji.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wameziamsha kampuni za zamani. Toyota ilitoa Prius mwaka 1997 halafu ikang'ang'ania mseto wa mafuta na umeme huku wenzake wakikimbia. Nissan ilithubutu mapema na gari la umeme la Leaf, 2010. Na gari la umeme likipita karibu na tembo Tarangire bila kelele, ni raha ambayo dizeli haitanipa kamwe.

Lakini raha hiyo nisiinunue kwa kumzika fundi wangu. Huko Marekani kwenyewe, wananchi wa Massachusetts walipiga kura 2020 kutaka taarifa ambazo gari linarusha kwa mtandao zifike kwa gereji za kawaida. Kama wao wameona haja hiyo, sisi tunaosafiri Ngorongoro na barabara za vumbi, kilomita nyingi kutoka kwa wakala yeyote, tunasubiri nini? Anayeingiza magari haya nchini alazimishwe kuacha mashine za kupimia, michoro na mafunzo. Betri zile zina volti mia kadhaa. Kumwacha kijana azifungue kwa kubahatisha ni kumtuma kwenye kifo, nasema kwa uchungu kabisa.

Springi zetu zilipokuwa tayari, kijana wa gereji, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, alinifuata mlangoni. "Bro, haya mambo ya betri kubwa yanasomewa wapi?" Nikamwambia nitamuulizia. Mama wa Njiro alikuwa bado kwenye tairi lake. Ijumaa napita VETA, chuo cha ufundi, kuuliza, na jibu nitampelekea palepale gereji.