Dodo: kitambi chake, au cha wachoraji?

Ukitaja dodo huku pwani, mtu anafikiria embe, lile nene la kujaza kiganja. Ndege wa kisiwa cha Morisi mwenye jina hilo, aliyekwisha kutoweka duniani, tumemzoea vivyo hivyo: mnono, kitambi kinakaribia kuburuzika, miguu mifupi, uso wa kizembe. Sura hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Roelant Savery, aliyemchora huko Uholanzi mnamo 1626 hivi. Morisi yenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Upo mchoro mwingine wa zama hizohizo, kutoka India ya wafalme wa Kimughali, unaohusishwa na mchoraji Ustad Mansur. Dodo walifikishwa hadi Surat, bandari ya India. Mwingereza Peter Mundy aliwaona wawili huko. Huyu wa Mansur ni mwembamba. Na ndege wanaomzunguka wamechorwa sawasawa, kiasi kwamba wataalamu wanawatambua mmoja mmoja. Sasa aliyepatia wote hao akosee kwa dodo tu? Kwangu hoja hii ina uzito kuliko zote.

Mifupa nayo inavutia upande huo. Makadirio ya zamani yalipita kilo 20. Utafiti wa 2011 ukashusha hadi kilo 10 hivi, yaani bata mzinga.

Lakini wanaomtetea dodo mnene hawabwabwaji. Mabaharia Waholanzi waliofika kisiwani 1598 na baadaye walimsifia unono wake. Sawa, aliyekula biskuti kavu miezi kadhaa baharini huona mafuta penye nyama yoyote. Hata hivyo Morisi ina msimu wa vimbunga, na ndege asiyeweza kuruka kwenda kutafuta riziki kwingine hana budi kujiwekea akiba mwilini. Uchunguzi wa mifupa wa 2017 ulionyesha kuwa maisha yake yalifuata misimu. Basi huenda mnene na mwembamba ni ndege yuleyule, mmoja wa mwezi wa neema, mwingine wa mwezi wa njaa.

Nisichokimeza ni kitambi cha mwaka mzima, na ile hadithi inayoandamana nacho kwamba alikuwa bwege aliyejitakia kifo. Mayai yake yalikuwa chini, na meli zilileta panya, nguruwe na kima wa kuyala.

Makumbusho ya Oxford, Uingereza, walikuwa na dodo mzima aliyekaushwa. Alipoanza kuoza, katika karne ya 18, wakabakiza kichwa na mguu. Tumbo, ndilo tunalobishania mpaka leo, lilitupwa.